Majani Yalikalia Viti vya Dairekta

Jumamosi, jioni. Mvua ilikuja saa nane, ikaenda, ikarudi, na sasa imetulia. Nje kuna ule ubaridi wa kwetu wa kuvaa sweta mbili. Vidole vyangu ni vyeusi kwa utomvu wa majani chai na simu inakataa kuvitambua, kwa hivyo shajara ya leo naiandika kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nikikosea herufi, nisameheni.

Nina furaha. Nasema mapema kwa sababu nikianza kueleza mtadhani nina hasira.

Nimecheka leo mpaka Wesley, mume wangu, akaacha ng'ombe katikati ya kukamua akaja kuuliza kama kuna habari mbaya. Nikamwambia ni habari za chama. Akarudi kwa ng'ombe. Wesley anaamini siasa ni ugonjwa wa watu ambao hawana ng'ombe wa maziwa.

Kwa wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Faith, mkulima mdogo wa chai, huku chini ya Kapkatet. Pia ni sekretari wa tawi la chama kidogo ambacho alama yake ni birika. Nilipewa usekretari kwa sababu siku ya uchaguzi wa tawi nilikuwa peke yangu na kalamu. Chama kina watu, kina wimbo, kina hilo birika. Pesa ndiyo hakina.

Vyama vikubwa hupata fungu lao kutoka serikalini kulingana na kura walizopata. Sisi hatukupata kura, kwa hivyo hatuna fungu, na bila fungu huwezi kuzunguka kutafuta kura. Nimejaribu kumweleza Wesley jambo hili na yeye akasema hata ng'ombe ana akili kuliko mpango kama huo. Makao makuu ya chama Nairobi hutukumbuka, sikatai. Kila mwisho wa mwezi hutuma ujumbe kuuliza sisi tumewachangia nini.

Basi Dairekta alipotokea, hakuna mtu aliyeuliza ametoka wapi. Tulimwona mwenyewe akitoka kwa gari kubwa.

Sijui ni dairekta wa nini hasa. Hapa kwetu ukiwa na stesheni ya petroli na ploti kadhaa kando ya barabara, watu wanaanza kukuita Dairekta bila wewe kuomba. Ni mtu mcheshi. Anajua majina ya watoto wetu na mitihani wanayofanya. Mama mzee akipita stesheni kwake, anaitiwa kiti na chai. Nampenda yule mtu, na leo jioni bado nampenda, na hiyo ndiyo imefanya jambo lote liwe gumu.

Alitununulia viti vya plastiki. Akatununulia tenti nyeupe. Halafu akatununulia aproni.

Kama hujawahi kuchuna chai asubuhi, hutaelewa neno hilo linavyotamkwa huku. Saa kumi na mbili miti ya chai imebeba umande wa usiku kucha, na wewe unapita katikati yake ukiwa umezama mpaka kiunoni. Dakika chache tu sketi imelowa, magoti yamelowa, na baridi inapanda. Wengi wetu tumekuwa tukijifunga gunia la mbolea, lile la nailoni, ambalo linapasuka na kuingiza maji kwa upande. Dairekta akatuletea aproni nzito za kijani, za kufunika mbele na mgongo. Kifuani birika la chama. Mgongoni, kwa herufi kubwa za manjano, jina la stesheni yake.

Asubuhi ya kwanza nilipoivaa nilitoka shambani magoti yakiwa makavu. Karibu nilie. Ningepigia kura hata hiyo aproni yenyewe.

Kitu kimoja hakuna aliyemwambia Dairekta. Kikapu cha chai hubebwa mgongoni. Miezi yote hii tumemtangazia stesheni kutoka asubuhi mpaka mchana, na tangazo lenyewe limesomwa na vikapu.

Sasa barabara, kwa sababu bila barabara hutaelewa lolote.

Tuna mbili. Ya juu inapita stesheni ya Dairekta na ploti zake, na imemwagwa murami, ile changarawe nyekundu, si mbaya sana. Ya chini ndiyo inateremka mpaka kituo cha kununulia majani, pale karibu na mto, ambapo sisi wote hupeleka chai yetu kupimwa na kungojea lori la kiwanda. Ikinyesha, ya chini ni matope matupu. Msimu uliopita lori lilikwama huko juu kwenye kona na majani yakalala kituoni. Majani chai yakirundikwa usiku kucha yanapata joto ndani, yanabadilika kuwa mekundu, na kiwanda hakiyataki. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kogo kama watoto wanavyomwita nyanya yao, alichuna siku hiyo akiwa na goti lililovimba. Kesho yake alisimama mbele ya magunia yake mekundu akasema kwamba hata ng'ombe hawawezi kula.

Wadi yetu hupata barabara moja kwa mwaka, tena ikibahatika. Ukitengeneza ya juu, ya chini itangoja.

Ndiyo maana Mwalimu Bii alipokubali kusimama kama mgombea wetu wa uwakilishi wadi, wanachama walimpa ahadi moja tu ya kubeba: barabara ya chini, kwanza. Mwalimu Bii ni mwalimu mstaafu, mtu safi kabisa, na ana udhaifu mmoja. Hawezi kumkatalia mtu ambaye amempa chakula.

Alhamisi Dairekta alituita sisi wawili.

Tulienda kwa hoteli iliyo kando ya stesheni yake. Chapati, ndengu, chai ya maziwa yenye tangawizi. Alituuliza habari za nyumbani, akamuuliza Mwalimu kuhusu presha yake, akaniuliza Faith anasoma nini sasa. Halafu akajifuta mdomo.

"Mwalimu, mimi sitaki kitu kwa chama. Hata cheo sitaki. Mimi ni mzazi tu. Lakini mzazi si anaweza kuuliza watoto wanaelekea wapi?"

Mwalimu akasema anaweza.

"Sawa. Jumamosi kwa mkutano nitawaletea tenti na spika, na ng'ombe dume wa kuchinja. Watu wavae zile aproni, tupige picha nzuri ziende Nairobi. Nyinyi kazi yenu ni kidogo. Mkifika pale kwa barabara, semeni ile ya juu. Ya chini itakuja pole pole."

Mwalimu Bii aliangalia ndani ya kikombe chake. Mimi nilijua vizuri sana kitu cha kusema. Nilikuwa nimekishika kichwani, kimekamilika. Lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati ya yule mtu, na nilipomaliza kuimeza, Dairekta alikuwa tayari ameanza mambo ya mpira.

Tuliporudi tulitembea mpaka shule ya msingi. Halafu Mwalimu akasema, "Mama Faith, bila yeye tutaenda na nini? Tusimame sokoni tupige makofi?"

Nikaruka dimbwi la matope.

"Labda ile ya chini tufanye mwaka wa pili," akasema. "Mwaka wa pili si mbali."

Nilimsikia akijishawishi mwenyewe, neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya upole. Nikaogopa, kwa sababu ndani yangu nilikuwa nimeanza kukubaliana naye. Nilifikiria aproni. Nilifikiria spika. Nilifikiria, Mungu nisamehe, ng'ombe dume. Halafu nikafika nyumbani nikamkuta Kogo amekalia kigoda anajikanda goti kwa mafuta ya moto, nikachuchumaa nikamkanda mimi.

Jana Ijumaa nilikuwa shambani na Nyaboke, jirani yangu. Baba yake alitoka upande wa Kisii zamani kufanya kazi kwa mashamba makubwa ya chai, akanunua kipande hapa, na Nyaboke amezaliwa na kuolewa ndani ya chai. Mistari yetu inapakana, kwa hivyo huwa tunachuna tukiongea, na yeye huongea zaidi huku bado akinishinda kujaza kikapu. Nikamweleza mambo yote ya Alhamisi. Nilimaliza na swali la Mwalimu: tutaenda na nini?

"Kwani chama ni mgonjwa?" akauliza.

"Ni mgonjwa kabisa," nikasema.

"Basi si tukichunie!"

Huku kwetu mtu akilaza mgonjwa hospitalini, majirani hatungoji kadi ya harambee. Tunachagua asubuhi moja. Kila nyumba inachuna kikapu, na vikapu vyote vinapimwa kwa namba ya mkulima aliye na mgonjwa. Mwisho wa mwezi malipo yanaingia kwake. Hakuna hotuba, hakuna mtu anayesomewa jina lake, na hata mwenye miti kidogo hutoa. Tumechuniana hivyo tangu nikiwa bibi harusi, kwa wagonjwa, kwa matanga, mara moja kwa kijana aliyepata nafasi ya chuo.

Lakini kumchunia mgonjwa ambaye ni chama cha siasa! Tulicheka mpaka Nyaboke akashika mti asianguke. Tukacheka tena. Halafu tukaacha kucheka sote wawili kwa wakati mmoja, tukaangaliana.

Shida ilikuwa namba. Chama hakina hata mti mmoja wa chai. Namba ya Mwalimu tuliikataa haraka, kwa sababu pesa ikiingia kwa mgombea huwezi kujua itatokea wapi. Yangu niliikataa mwenyewe, kwa sababu najijua nikipita kwa duka la vitenge. Ikabaki ya Kogo. Tulimwendea nyumbani tukiwa tumejipanga kama wanafunzi wenye makosa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Naweza kushika," akasema. "Lakini mtu yeyote akikuja kuniomba hata ya sukari, nitamtangaza kanisani."

Nimesikia kuna sheria nyingi za kulinda fedha za vyama. Sidhani kuna iliyo kali kuliko hiyo.

Kufikia jioni habari ilikuwa imepita mistari yote ya chai hadi ng'ambo ya mto. Mwalimu Bii peke yake hakuambiwa. Niliogopa angeenda kumweleza Dairekta, kwa heshima tu.

Leo asubuhi niliingia shambani kukiwa bado na ukungu. Nilijiambia hata tukipata vikapu vya watu watano tu, sitalia. Ukungu ulipoinuka nikaona aproni za kijani kilima chote cha mbele, halafu nikageuka nikaziona nyuma pia. Hata nyumba ambazo najua hazipendi chama chetu zilikuwa zimetoka. Nilimuuliza mama mmoja wa chama kile kingine anafanya nini hapo. Akasema chama hakimhusu, lakini lori linalokwama hubeba majani yake pia.

Hapo nililia kidogo. Kwenye umande hakuna mtu anayejua.

Mkutano ulikuwa saa sita, pale pale kituoni. Tenti ya Dairekta ilikuwa imesimama, nyeupe, na viti vimepangwa mistari. Mbele kulikuwa na viti vya kitambaa vya wageni. Spika zilikuwa zinapiga nyimbo za injili kwa nguvu hadi ng'ombe dume, aliyefungwa kwa uzio, akageuza masikio. Jua lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hakuna mtu aliyepanga jambo hili. Naapa.

Banda la kituo liling'olewa nusu ya mabati na upepo. Nusu iliyobaki inatosha majani ya siku ya kawaida. Leo majani yalikuwa mara mbili, yetu na ya chama, na nusu ya banda ikajaa kabla hata watu wa ng'ambo hawajafika. Na huku kwetu mtoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kusoma: majani hayaachwi juani. Wewe unaweza kusimama juani. Mchungaji anaweza. Majani hapana, yananyauka, yanapata joto, na umepoteza asubuhi yako.

Mama wa kwanza aliyekosa nafasi bandani aliangalia jua. Akaangalia tenti. Akaingia, akaweka kikapu chake kwenye kiti, kwa sababu chini kulikuwa na matope, akatoka nje akasimama. Wa pili akamfuata. Hakuna aliyeuliza. Nilipofika mimi, kila kiti kilikuwa na kikapu chake, mistari yote, vimetulia kama wanafunzi wenye adabu. Kogo hakutaka kubeba mzigo mpaka nyuma na goti lake, kwa hivyo kikapu chake kilikuwa mbele kabisa, kwenye kiti kikubwa cha kitambaa.

Na sisi watu tulikuwa nje, juani, tumesimama na aproni zetu.

Dairekta akafika. Aliposhuka kwa gari na kuona kijani kila mahali, uso wake uling'aa. Alinyosha mikono. "Hawa wote ni wetu!" akamwambia Mwalimu Bii, naye Mwalimu akatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye kiatu kinambana. Wakaelekea kwenye tenti. Dairekta akatafuta mahali pa kukaa. Akaangalia mstari wa kwanza, akaangalia wa pili. Halafu akanyosha mkono kushika kikapu kilichokuwa kwenye kile kiti kikubwa.

"Wacha hapo, kijana," Kogo akasema. "Hiyo ni majani."

Dairekta ana nywele nyeupe. Lakini pia ni mtoto wa mkulima wa chai, na mkono wake ulirudi wenyewe.

Alihutubia akiwa amesimama. Aliongea vizuri, sitasema uongo. Alisema chama ni familia, akasema maendeleo lazima yaanze mahali yanapoonekana, akasema barabara ya juu ndiyo uso wa wadi. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea pia. Watu waliangalia kona pale juu, mahali lori lilikwama. Halafu akasema, "Sekretari atatusomea ahadi ya tawi," akanipa maiki akiwa anatabasamu.

Niliishika nikiwa ndani ya aproni yake. Nilikuwa na sentensi mbili kichwani, na moja ilikuwa rahisi sana. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho, akaangalia chini. Nikamwangalia Kogo. Yeye alikuwa akifukuza nzi kutoka kwa kikapu, hata hakuniangalia, alikuwa ameniamini tangu zamani.

"Ahadi ya tawi ni ile ile," nikasema. "Barabara ya chini, kwanza."

Dairekta alininong'oneza, lakini maiki ilikuwa katikati yetu na uwanja wote ukasikia. "Mama Faith, hivyo sivyo tuliongea."

"Dairekta, wewe uliongea. Sisi tulikula chapati."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu! Watu walicheka hadi ng'ombe dume akaruka. Hata dereva wa Dairekta alijificha nyuma ya mlango wa gari. Na mimi nikaendelea, kwa sababu kusimama hapo katikati kungekuwa kubaya zaidi. "Asante, kongoi, kwa chapati, na kwa hizi aproni. Ulitufaa, na hakuna mtu hapa atakusema vibaya. Lakini mchango wa chama wa leo ndio ule umekaa kwa viti."

Aligeuka. Aliangalia vile vikapu, mstari kwa mstari, na ninafikiri ndiyo mara ya kwanza alielewa kwamba vilikuwa mchango, si majani yaliyokimbia jua peke yake.

Halafu sote tukamwangalia Mwalimu Bii. Bila yeye maneno yangu yalikuwa upepo tu. Yeye ndiye jina lake litakuwa kwa karatasi ya kura, na yeye ndiye angeweza kusema "sekretari amekosea" na mambo yaishe hapo.

Alikuja mbele polepole. Nikampa maiki. Aliipokea, akaiangalia, akamrudishia Dairekta kwa mikono miwili kama inavyopasa.

"Mimi nimefundisha miaka mingi chini ya bati, mvua ikinyesha," akasema, kwa sauti ambayo wanafunzi wake wa zamani pale waliitambua wakasimama wima. "Sauti ninayo. Nitaenda bila spika. Barabara ni ya chini."

Kelele iliyotoka hapo, Wesley anasema aliisikia akiwa kwa zizi.

Dairekta hakutukana mtu. Alisema, "Basi nitabeba vitu vyangu," na kwa haki yake, vitu ni vyake. Ng'ombe dume alifunguliwa akapandishwa kwa pikapu akiwa hai, mshindi wa kwanza wa uchaguzi huu. Spika zikafuata. Vijana wake wakaja kulegeza kamba za tenti, na wakati huo huo wingu likafika juu yetu, na tone la kwanza likaanguka.

Vijana wakaangalia vikapu. Wao pia ni wa hapa. Mmoja akaenda mpaka dirisha la gari. "Dairekta, majani yatanyeshewa."

Tulingoja. Majani yakilowa kiwanda kinakata uzito au kinayakataa kabisa, kila mtu pale alijua, na yeye alijua. Aliangalia angani, akaangalia tenti yake.

"Wacheni lori ikuje kwanza," akasema.

Kwa hivyo majani yetu yalikaa kwa viti vya Dairekta, chini ya tenti ya Dairekta, mpaka saa kumi. Sisi tulinyeshewa vizuri. Yeye alikaa ndani ya gari akingojea mali yake, dirisha limefunguliwa kidogo, na Kogo akampelekea chai kwa kikombe cha bati. Chai yetu, kutoka kwa birika letu. Aliinywa yote. Sijui waliongea nini, na Kogo amekataa kusema.

Lori liliteleza kwenye kona lakini likafika. Karani akapima, akisoma kila uzito kwa sauti, na kila kikapu cha chama kilipopanda kwa mizani watu waliitikia "Kogo!" mpaka karani akaanza kuitikia nao.

Nimejiuliza maswali nikiosha vyombo. Sisi pia tumetoa, na sisi pia tunadai barabara yetu. Je, hatujawa kina Dairekta wengi wadogo? Nimeligeuza swali hilo mara nyingi. Jibu langu la leo, ambalo huenda kesho nikalibadilisha, ni kwamba sisi tumedai mbele ya watu wote, na hakuna kati yetu aliyetoa kikapu kikubwa cha kutosha kumwita Mwalimu kando hotelini. Akituangusha, itabidi atukimbie wote, na hii wadi ni ndogo.

Sijidanganyi kwamba tumeshinda. Malipo ya majani yatakuja mwisho wa mwezi na hayatakuwa mengi. Tutachapisha mabango madogo na kuyabandika pale mbuzi hawafiki. Dairekta huenda saa hii anakunywa chai na chama kingine, na huko labda wataisema barabara ya juu bila shida yoyote. Tunaweza kushindwa vibaya.

Lakini nimemwona mtu mpole akirudisha maiki kwa mikono miwili. Hiyo hakuna atakayeninyang'anya.

Jambo la mwisho. Tukipanda kilima kurudi nyumbani Nyaboke aliuliza kama aproni pia tunafaa kurudisha. Wengine wakasema zawadi ni zawadi. Kogo akasema yake atairudisha siku umande utakapoisha Kericho na Bomet, na sote tukacheka, na nadhani wengi watafanya hivyo hivyo. Siwalaumu. Goti la Kogo ni goti la Kogo.

Yangu nimeiosha. Nimeifuta utomvu kwa majivu mpaka birika limeng'aa, nimeikunja vizuri na kuiweka ndani ya mfuko. Kesho baada ya kanisa nitapita stesheni niiache na kusema asante, bila kuketi, kwa sababu nikiketi ataniitia chai. Halafu nimeenda stoo nikalitafuta gunia langu la mbolea. Lilikuwa nyuma ya majembe, limepasuka pale pale pa zamani, upande wa kushoto.

Jumatatu nitalowa magoti. Wacha yalowe.